Filamu Niliyoiangalia Bila Kuisemea

Kabla sijafika kwenye habari ya shingo yangu, wacha niseme habari ya jenereta, kwa sababu bila jenereta hamtaelewa kitu.

Ilikuwa jenereta ndogo, nyekundu iliyochujuka, na ilikaa nje kando ya mlango wa chumba changu cha video kule Waithaka, miaka ile ya themanini na kitu, kabla stima haijafika upande wetu. Chumba kilikuwa cha mabati. Ndani kulikuwa na mabenchi, televisheni moja juu ya meza, na mashine ya kaseti iliyofunikwa kitambaa cha kufuma alichokitengeneza mke wangu. Mke wangu anaitwa Syombua. Jumamosi na Jumapili mchana alikaa kwenye kiti kidogo pale mlangoni, jenereta ikimngurumia sikioni, akipokea kiingilio na kuwazuia wale wanaotaka kupenya bure. Mimi nilikaa mbele kando ya televisheni, na kazi yangu ilikuwa kusema.

Kusema nini? Kusema filamu. Filamu zilikuwa za Kichina, za Kihindi, za Wazungu, na watu waliokaa kwenye yale mabenchi walikuwa wa mjengo, wa machimbo ya mawe, mama mboga, wasichana wanaofanya kazi za nyumba. Lugha hizo hawakuzijua. Ukweli ni kwamba hata mimi sikuzijua. Nilisoma mpaka darasa la tatu kwetu Ukambani, halafu baba akasema imetosha. Lakini nilizaliwa na sauti, na nilizaliwa mwongo wa kutosha. Mchina akifungua mdomo, mimi namsemea. Akisema maneno machache, mimi naongeza. Kuna Mchina mmoja nilimpa jina la Mutua, na mwalimu wake wa kupigana nikamfanya mtu wa Kitui aliyekosana na shemeji zake. Mhindi akiimba, nilieleza kwa nini anaimba badala ya kwenda kazini. Na mahali filamu iliponyamaza, hapo ndipo nilipotoa jasho zaidi. Kunyamaza niliona ni kama shimo barabarani, lazima nilijaze kabla watu hawajaanguka. Waliniita Sauti. Watu walisahau jina langu la ubatizo, hata mimi nilikuwa nachelewa kuitika mchungaji akiniita nalo.

Sasa shingo.

Ilianza mvua ndefu zikinyesha. Sauti ikaanza kukwaruza. Nilidhani ni baridi. Nikanywa tangawizi, nikanywa mwarobaini mpaka ulimi ukafa ganzi, nikasukutua maji ya chumvi. Wateja waliipenda ile sauti. Walisema sasa watu wabaya wananitoka vizuri kuliko zamani. Nikafurahi, mjinga mimi, nikawa nachagua filamu zenye wabaya wengi. Mvua ikaisha, mahindi yakabeba, na bado nakwaruza. Ndipo binti yangu mkubwa, Mumbua, aliyekuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini, akaja Jumapili moja akanisikiliza nikisema filamu, na alipotoka nje nikamkuta analia kando ya tangi la maji. Akasema, “Baba, hiyo si homa.”

Hospitalini walinipitisha waya mwembamba puani mpaka kooni. Sitaki kueleza sana. Ambaye amepitishwa anajua, na ambaye bado hatasaidiwa na mimi kumtisha. Jambo moja tu: pumua polepole, na umtazame sista machoni. Sista wangu alikuwa na mwanya, nikautazama huo mwanya mpaka wakamaliza.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akasema kwenye sanduku la sauti kuna kitu kimeota, na ni kile kibaya. Akasema njia ya uhakika ni kulitoa sanduku lote. Nitapona, lakini sitaongea tena. “Utakuwa unapumua hapa, mzee,” akagusa shingo yake mwenyewe, chini, pale ambapo tai hufungwa.

Nikamwambia hapana. Sikuomba siku ya kufikiri wala sikumwangalia mke wangu aliyekaa kando yangu. Nilisema hapana kama mtu aliyeulizwa kama anauza mtoto.

Yule daktari hakugombana. Akasema basi tujaribu kuchoma kwanza kwa miale, kwa kuwa uvimbe ni mdogo. Uvimbe ukikataa kufa, tutarudi kuzungumza.

Hivyo nikaanza kuchomwa. Walinichora shingoni kwa wino wa zambarau, mistari na msalaba, wakaniambia nisiioshe. Nilitembea Waithaka nimefunga skafu kama mwanamke mjamzito anayesikia baridi, na watoto wa jirani wakaniuliza kama nimeanza kuchezea timu gani. Kuchomwa kwenyewe hakuumi. Unalala chini ya mashine kubwa, wanatoka wote na kufunga mlango, unabaki peke yako na mlio kama wa nyuki ndani ya chupa. Kinachouma kinakuja baadaye. Mate yalikauka. Uji ukawa na ladha ya msumari. Ngozi ya shingo ikawa nyeusi, ikang'aa, kisha ikaambuka kama rangi ya ukuta wa zamani, na ndevu za upande huo hazijaota mpaka leo. Nikawa mwembamba mpaka Syombua akatoboa mshipi wangu tundu jipya kwa msumari wa moto.

Na kungojea. Mtu akiniuliza ugonjwa ule ulikuwa nini, nitamwambia ulikuwa benchi. Kuna siku mashine inaharibika, mnakaa wote na mistari yenu ya zambarau mkitazamana, mpaka mtu aje aseme mrudi kesho.

Hapo ndipo Mumbua alipotaka nilale kwake. Alikuwa ameolewa Woodley, karibu na hospitali, nyumba nzuri ya zamani ya baraza la jiji, yenye ua na mti wa mparachichi. Nikakataa. Kwetu mzee halali kwenye nyumba ya binti aliyeolewa, apite mkwe wake usiku akienda msalani, hapana. Mumbua akakasirika sana. Akaniambia, “Baba, aibu itakuua kabla ya ugonjwa.” Nikamjibu kwa ule mkwaruzo wangu maneno ambayo sitayaandika hapa, na akakaa muda mrefu bila kuja Waithaka.

Lakini aliacha ufunguo kwa jirani. Na mimi, kwa kuwa mwili una maoni yake, nilikuwa nikitoka kuchomwa naenda kulala kwake mchana, kwenye kochi, halafu naondoka kabla mkwe hajarudi kutoka kazini. Nilijiona mjanja. Miaka ilipita ndipo nikaambiwa kwamba yule mkwe alikuwa akitoka kazini mapema kama kawaida yake, anafika kwenye kona, anamwuliza jirani kama mzee bado yupo, na akiambiwa yupo anakwenda kukaa kwa fundi viatu mpaka nitoke. Hakuwahi kuniambia. Mtu ambaye nilimtoza mbuzi wa mahari mpaka wazee wakaniomba nimwonee huruma.

Kwenye lile benchi nilipata rafiki. Mzee Shadrack, wa Mountain View, aliyekuwa karani wa serikali mpaka alipostaafu, mtu wa kofia na viatu vilivyopigwa rangi. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja na yeye pia alikuwa amekataa kukatwa. Aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa lake tangu ujana. Tulikuwa tunanong'onezana kama wasichana wa shule. Alinitania kuhusu Wakamba na nyoka, mimi nikamtania kuhusu viatu vyake, kwamba hata akifika mbinguni atauliza rangi ya viatu inauzwa wapi. Siku moja akanipa mkono akasema, “Sauti, mimi na wewe tutakwenda na vitu vyetu vyote.” Nikaushika. Nilijisikia mwanamume tena.

Miezi ya baridi ikaja, ile ya ukungu, ambayo Waithaka huwezi kuona ng'ombe wako mwenyewe. Kuchomwa kukaisha. Sauti ikarudi kidogo, nyembamba, na nikasema filamu tena, nusu nusu. Nikatangaza nimepona. Mchungaji akatoa shukrani kanisani. Lakini mijakaranda ilipoanza kumwaga maua mjini nilianza kukosa pumzi nikipanda ngazi, na nikilala chali kifua kilipiga mluzi. Nikarudi kwa yule daktari kijana. Akatazama, akaosha mikono polepole sana. Akasema kimerudi, na sasa hakuna kuchoma tena. Ni kukata, na nisichelewe. Akanipa tarehe ya kurudi na jibu.

Siku hiyo nilitoka nikapanda ngazi kwa shida mpaka kwa Bwana Harbans. Huyu ni Singasinga aliyekuwa na duka la kaseti mjini, ghorofani, chumba kidogo chenye kaseti mpaka darini. Nilikuwa mteja wake tangu siku ya kwanza. Sikwenda kuazima kitu. Nilikwenda kwa sababu sikutaka kufika nyumbani. Akanipa chai ya maziwa yenye iliki, akaniona siwezi kuimeza, akaitoa akaleta maji ya vuguvugu. Halafu akachukua kaseti moja isiyo na picha kwenye jalada.

“Mzee, hii chukua,” akasema kwa Kiswahili chake cha dukani. “Ya Japani. Shemeji yangu naleta pamoja na magari. Mimi nakopi, picha sasa hairuki. Hakuna mtu nataka, nasema ni katuni ya watoto. Mama yangu naangalia, nalia mpaka chapati naungua.”

Nikamnong'oneza kwamba siwezi kusemea katuni, hata kusema habari za asubuhi siwezi. Akasema, “Basi wewe angalia tu. Kwani macho yako nagonjwa?”

Nilikaa na ile kaseti siku kadhaa. Katuni niliyoijua mimi ni ya paka anayekimbizana na panya. Halafu alasiri moja ya siku ya kazi, chumba kikiwa kitupu, nikawasha jenereta nikaingia. Nilidhani nitajaribu sauti yangu mara ya mwisho, peke yangu, niisikie. Syombua akaja akasimama mlangoni. Sijui alidhani nataka kufanya nini. Akaingia, akafunga mlango ule wa mbao nyuma yake, jenereta ikawa mbali, akakaa kwenye benchi la mbele. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona amekaa kwenye benchi la mbele.

Filamu ilikuwa imechorwa kwa mkono, lakini si kuchorwa mnakokujua. Majani yalitikisika kila moja kwa mwendo wake. Moshi wa jikoni ulitoka kwenye paa la nyasi ukapinda, na nikasikia harufu yake, naapa. Kulikuwa na mzee na bibi yake wanaoishi mlimani. Walikuwa na mti wa matunda yenye rangi ya chungwa na umbo la nyanya, na kila mwaka majani yakianguka waliyachuma hayo matunda, wakayamenya, wakayafunga kwa kamba na kuyaning'iniza chini ya paa yakauke. Mzee anamenya, bibi anafunga. Nyumba za kule mtu haingii na viatu. Mzee alikuwa na viatu vya mbao, na kila akiingia bibi alivigeuza pale kizingitini vikaangalia nje, ili asubuhi mzee avivae bila kuhangaika.

Nilianza kusema. Nikamwita yule mzee Mutua, kwa mazoea, na ikatoka pumzi tu, na pumzi yenyewe ikanikaba. Syombua akasema bila kunigeukia, “Nyamaza, tuangalie.”

Nikanyamaza. Na ndipo nikasikia. Kumbe filamu zina sauti zake. Nilisikia kisu kikipita kwenye ganda la tunda. Nilisikia maji yakitiririka mahali ambapo hatukuonyeshwa mto. Nikafikiri ni Wachina na Wahindi wangapi waliokuwa na mito kama hiyo, na mimi niliisemea juu.

Basi mwaka mmoja yule mzee akawa anakohoa. Hawakuonyesha daktari. Hawakuonyesha kitanda. Walionyesha viatu. Asubuhi vinaangalia nje, jioni vinaangalia nje, havijavaliwa. Halafu watu wenye nguo nyeusi wakaja wakaondoka, na viatu bado vipo. Theluji ikaanza kuanguka. Ikaanguka muda mrefu sana, na hapo hakuna aliyesema neno, hata muziki ulikwisha, ikawa theluji peke yake inajaa kwenye viatu vya mzee. Bibi akatoka, akavikung'uta, akavirudisha pale pale vikiangalia nje. Kesho yake tena. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kulijaza lile shimo. Nilikuwa na maneno mazuri tayari, ya mjane na baridi na Mungu, na kama ningekuwa na sauti ningeyasema, watu wangelia kwa sababu yangu mimi, na hakuna ambaye angeviona vile viatu.

Mwishoni matunda yalirudi. Bibi akavivaa vile viatu vya mbao, vikubwa kuliko miguu yake, akatembea ko, ko, ko mpaka kwenye mti. Kanda ikaisha, skrini ikawa mvua ya vumbi.

Nililia bila sauti, kwa sababu sauti haikuwepo. Syombua naye alijipangusa kwa ncha ya leso. Nikamsogelea sikioni, nikasema kwa pumzi yangu yote jambo ambalo nilikuwa sijamwambia daktari wala Mzee Shadrack. Nilimwuliza, wakiitoa hii sauti, mimi nitakuwa nani kwako? Utakaa na mtu bubu ndani ya nyumba?

Akaikunja ncha ya leso. Halafu akasema, “Baba Mumbua, nikuambie kitu na usikasirike.”

Nikamtikisia kichwa.

“Hizo filamu zako, mimi sijawahi kuzisikia.”

Sikuelewa.

“Pale mlangoni hakuna kinachosikika. Jenereta iko hapa na sikio langu liko hapa. Nilikuwa nakuona mgongo tu. Ukiinua bega la kushoto najua kuna mtu anakufa. Ukijikuna kisogo najua umesahau uliyempa jina gani. Watu wakicheka nami nacheka. Lakini neno, hata moja, sijawahi kulisikia.”

“Miaka yote?”

“Miaka yote. Hukuniuliza.”

Ningependa kuwaambia kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Mtaa mzima ulijua Sauti ni nani, wanaume walitembea kutoka Kangemi kuja kunisikia, na mwanamke niliyemwoa hakujua hata kwamba Mutua alikuwa wa Kitui. Nikatoka nikazima jenereta, nikaenda kukaa na ng'ombe. Siku zilizofuata nilikula nikiwa nimemgeuzia mgongo, na kila nilipomgeuzia nilikumbuka kwamba huo mgongo ndio anaoujua. Hata kununa sikuweza vizuri.

Tarehe ya hospitali ikafika. Nilikwenda na Syombua, hatusemezani, na nilikuwa sijaamua. Au nilikuwa nimeamua kukataa, kwa sababu nilikuwa nimempa mtu mkono. Nikamtafuta Mzee Shadrack kwenye benchi. Pale alipozoea kukaa alikuwa amekaa mkewe, mama mnene mwenye miwani, ameipakata ile kofia. Alikuwa amekuja kurudisha kadi. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Alinitambua kwa skafu. Akaniambia mume wake alinitaja sana. Akasema alikwenda na sauti yake kama alivyotaka, haikukatwa. Halafu akaigeuza kofia mikononi. “Ila baba, mwisho alikuwa na mambo ya kuniambia. Nilimwona anayo. Hewa haikutosha kuyasema.”

Akanyamaza, na mimi sikulijaza lile shimo. Syombua alinyoosha mkono akamshika yule mama goti, watu wasiojuana.

Nilipoitwa, niliingia nikamwonyesha daktari shingo yangu, pale chini pa tai. Nikapitisha kidole. Akaniuliza mara mbili kama nimeelewa. Niliweka sahihi yangu, ambayo huwa naichora polepole kama picha.

Ya upasuaji siyajui, nililala. Ya kuamka nayajua. Unaamka unataka kuita na hakuna kitu, kama mtu anayekanyaga ngazi ambayo haipo. Pumzi inaingia mahali ambapo hukuzaliwa napo. Chakula kilipita kwenye mpira puani, na kikohozi kilitokea shingoni kikamrukia mwenzangu wa kitanda cha pili, tukawa maadui mpaka alipokatwa yeye. Ningelia lakini hata kulia kunahitaji sauti, nikagundua. Nilimchukia Mzee Shadrack kwa kufa, kisha nikamwonea wivu. Mnaongojea kukatwa, siwadanganyi, zile siku za kwanza ni mbaya kuliko walivyoniambia. Lakini zina mwisho. Kuna asubuhi moja sista yule wa mwanya alinipangusa uso kwa maji aliyoyapasha moto yeye mwenyewe, akanifungulia dirisha, na nikavuta hewa ikaingia mpaka chini, bila mluzi, mara ya kwanza tangu mijakaranda. Nilikuwa nimesahau hewa ni nyingi vile.

Mumbua akaja. Alisimama chini ya kitanda akaogopa kunitazama shingo, halafu akatazama. Nilikuwa na ubao mdogo wa shule na chaki. Nikaandika: NITALALA KWAKO. Akasoma, akacheka, akalia. Na nikalala kweli, kwenye chumba cha wajukuu, na mkwe akapita usiku akienda msalani, na dunia haikupasuka. Wazee wa kwetu wanisamehe.

Bwana Harbans alileta kengele ya kaunta, ile ya kugonga kwa kidole, akasema dukani kwake watu wanaigonga bure tu. Ndiyo naitumia mpaka leo. Moja ni njoo, mbili ni chai, nyingi ni kwamba nimekasirika. Maandishi haya nayo nayaandika mwenyewe kwa kalamu, Mumbua anapiga chapa na kurekebisha herufi. Hanipunguzii maneno, nimemkataza.

Mambo mengine hayakurudi. Chumba cha video kilianza kufa. Kuna kijana alifungua kingine upande wa sokoni, naye anasemea filamu, na wanasema ni mzuri. Sijakwenda. Nikiona skafu inauzwa naipita mbali. Kuna siku naota naongea, na kuamka kwenyewe ni kama kukatwa tena.

Lakini mvua ndefu za mwaka uliofuata zilipopungua, Syombua alisema tufungue siku moja tuonyeshe ile ya Wajapani. Watu wakaja, nadhani zaidi walitaka kuiona shingo. Mimi nikawasha jenereta. Kisha, kwa kuwa nilipenda kukaa mahali watu hawanitazami, nikakaa kwenye kiti chake cha mlangoni, na yeye akaenda mbele. Jamaa mmoja wa machimbo akageuka akauliza, “Sasa nani atasema?” Nilimwona Syombua akisimama na kumjibu. Baadaye waliniambia alisema, “Leo hakuna. Kaa uone.” Mimi sikusikia. Pale mlangoni, ni kweli, hakuna kinachosikika.

Nilichoona ni vichwa vya watu, na leso yake ya kijani, na mabega yake. Sikuona skrini vizuri, lakini nilijua theluji imeanza kwa jinsi mwanga ulivyokuwa mweupe juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyetikisika. Mabega yake yakapanda kidogo, yakashuka. Nikajua ni viatu. Akainamisha kichwa upande wa kulia, upande ninaokaa mimi kanisani, akakiacha hapo.

Halafu akageuka, akatazama mlangoni mpaka akaniona, akarudi kwenye filamu.